Asiyesikia Ni Nani? Filamu ya Katuni na Thamani ya Mtoto Kiziwi

Katika Kiswahili, neno "kusikia" limebeba mambo mengi kuliko kazi ya sikio. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu. Mzazi akilalamika kwamba "mtoto huyu hasikii", jirani hafikirii ugonjwa wa masikio. Anaelewa kwamba mtoto ni mkaidi. Hata methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu haizungumzii uziwi, bali ukaidi. Katika migomba ya Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na katika mitaa ya Moshi mjini, maana hizo zinapochanganyika mtoto anaweza kuadhibiwa kwa miaka kadhaa kwa kosa la kutoitika, kabla hajatokea mtu wa kuuliza iwapo sauti ilimfikia.

Nani hasa asiyesikia? Swali hilo ndilo kiini cha filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo Koe no Katachi, yaani "Umbo la Sauti", ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la A Silent Voice. Ilitengenezwa na studio ya Kyoto Animation chini ya mwongozaji Yamada Naoko, na ilianza kuoneshwa Japani tarehe 17 Septemba 2016. Chimbuko lake ni hadithi ya michoro ya Ōima Yoshitoki, iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya mwaka 2013 na 2014. Mama wa mchoraji huyo ni mkalimani wa lugha ya alama. Ingawa hadithi hiyo imewekwa mbali na Kilimanjaro, mambo inayoyaeleza hukutwa katika madarasa na vyumba vya kliniki vya hapa.

Daftari, shimesikio na neno la kuomba radhi

Nishimiya Shoko ni msichana kiziwi anayehamia darasa la sita katika shule ya kawaida. Huvaa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti sikioni, na hubeba daftari ambamo huwaomba wenzake waandike wanapotaka kuzungumza naye. Siku za mwanzo daftari hilo hupokelewa kwa udadisi, kisha kwa uchovu, na mwishowe kwa dhihaka. Ishida Shoya, mvulana mtundu wa darasa hilo, humpigia kelele sikioni, hulitupa daftari lake majini, na siku moja humng'oa shimesikio hata sikio likatoka damu. Mwalimu analijua jambo hilo lakini halikomeshi. Shimesikio 8 zinaharibika au kupotea, na mama yake Ishida analazimika kulipa yeni milioni 1.7.

Uongozi wa shule unapoanza kuuliza, darasa lililokuwa likicheka pamoja linamnyooshea kidole Ishida peke yake. Tangu siku hiyo anatengwa yeye. Miaka inapita, naye anafika sekondari akiwa kijana anayetembea akitazama chini. Filamu inaonesha hali hiyo kwa alama moja tu: kila uso unaomzunguka umefunikwa kwa alama kubwa ya X. Masikio yake ni mazima, wala hakuna daktari atakayeona kasoro ndani yake, lakini sauti za watu hazimfikii tena. Amejifungia katika ukimya ambao hakuzaliwa nao.

Nishimiya naye amejifunza jambo baya kuliko dhihaka yenyewe: kuomba radhi kwa kuwapo kwake. Husema samahani anaposukumwa, husema samahani anapotukanwa, na hutabasamu ili wengine wasione uzito wa kuwa naye. Wazazi na walimu wengi humsifu mtoto wa namna hiyo kwa upole wake. Hata hivyo, upole unaotokana na imani kwamba "mimi ni mzigo" ni dalili ya nafsi iliyoumia. Mtoto hujifunza thamani yake kwa kuitikiwa: analia na mtu anakuja, anaonesha kitu na mtu anakitazama, anauliza na mtu anajibu. Asipoitikiwa kwa miaka mingi, hafikii hitimisho kwamba watu hawakujua lugha yake. Hufikia hitimisho kwamba hakuwa na jambo la maana la kusema.

Filamu haifichi mwisho wa njia hiyo. Ishida anauza vitu vyake na kupanga kuyakatisha maisha yake. Anakwenda pia kumrudishia Nishimiya daftari lake, akiwa amejifunza lugha ya alama. Baadaye Nishimiya mwenyewe, akiamini kwamba watu wake wangekuwa na furaha zaidi bila yeye, anajaribu kufanya hivyo hivyo. Ishida anamwokoa na kuumia vibaya. Tukio hilo halikupambwa. Linaonesha familia zilizoachwa na hofu, na kazi ndefu ya kujenga upya.

Kwa mhudumu wa afya na mzazi, hapa pana funzo la moja kwa moja. Kijana anayesema kwamba yeye ni mzigo, anayegawa au kuuza ghafla vitu alivyovipenda, anayejitenga na kuacha shughuli zake, asiachwe peke yake. Kumuuliza kwa upole na waziwazi iwapo anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto aliye hatarini, au mtu mzima anayemhofia, anaweza pia kupiga namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto nchini Tanzania. Lakini kijana kiziwi hawezi kupiga simu ya sauti, kwa hiyo mtu wa karibu naye anapaswa kuzijua dalili hizi mapema.

Sauti inayoguswa

Sifa ya pekee ya filamu hii ni namna inavyoitumia sauti kuzungumzia kutosikia. Mtunzi wa muziki, Ushio Kensuke, aliweka maikrofoni ndani ya piano. Pamoja na noti zinasikika vinyundo vikigonga nyuzi, kitambaa kikisugua, mbao zikilia na kanyagio likishuka. Kwa kawaida mafundi wa kurekodi hufanya kila njia kuondoa vishindo hivyo. Hapa viliachwa makusudi, na mtazamaji hupata hisia kwamba sauti ni kitu chenye uzito, kitu kinachoweza kuguswa.

Sayansi ya sikio inakubaliana na uamuzi huo. Sauti ni mtikisiko unaosafiri hewani. Hutikisa ngoma ya sikio, kisha vifupa vitatu vya sikio la kati, kisha majimaji ya sikio la ndani, ambako seli zenye vinyweleo huugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva iendayo ubongoni. Seli hizo zikifa, mwili wa binadamu hauoteshi nyingine. Mtikisiko, hata hivyo, haupiti sikioni tu. Ngoma kubwa hugonga kifuani, lori hutetemesha sakafu, kengele ya kanisa husikika kwenye benchi la mbao. Kiswahili, kinachosema mtu "husikia" baridi na maumivu, tayari kinakiri kwamba kusikia ni kazi ya mwili mzima.

Ndiyo sababu kumpigia mtoto makofi nyuma ya mgongo si kipimo cha kuaminika. Mtoto kiziwi anaweza kugeuka kwa kuwa ameona kivuli, amesikia upepo wa mkono au mtetemo wa sakafu, na mama akarudi nyumbani akiwa ametulizwa bure.

Katika tukio moja la filamu, Nishimiya anaacha ishara za mikono na kuamua kutumia sauti yake mwenyewe kumwambia Ishida kwamba anampenda. Kwa Kijapani neno hilo ni "suki". Ishida anasikia "tsuki", yaani mwezi. Anatazama juu na kukubali kwamba mwezi ni mzuri kweli. Nishimiya anaondoka mbio kwa aibu. Hakuna mwenye nia mbaya hapo: mmoja amesema, mwingine amesikia, na bado ujumbe haukufika. Kila mhudumu aliyewahi kumwona mgonjwa akitikisa kichwa kukubali maelekezo, kisha akarudi wiki iliyofuata akiwa amemeza dawa kinyume, anaujua mwezi huo.

Filamu ina mipaka yake. Sehemu kubwa ya hadithi huonwa kwa macho ya kijana anayesikia, na katika toleo la Kijapani sauti ya Nishimiya ilitolewa na mwigizaji anayesikia, Hayami Saori. Katika toleo la Kiingereza nafasi hiyo alipewa Lexi Cowden, ambaye ni kiziwi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kazi inayodai kwamba kila mtu ana sauti hupata nguvu zaidi mwenye sauti anapoisema mwenyewe.

Akili, msichana wa chini ya mlima

Kilimanjaro pia ina msichana wake wa katuni. Akili, mhusika mkuu wa mfululizo wa Akili and Me, ana umri wa miaka 4 na anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku anapolala huingia katika ulimwengu wa ndoto uitwao Lala Land, ambako yeye na marafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba na sanaa. Mfululizo huo hutengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo mwaka 2014 lilianza kurusha Ubongo Kids. Utafiti uliofanyika Morogoro kwa watoto 568 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba waliotazama Akili and Me walipata maendeleo katika mambo kama kuhesabu, kutambua namba na kutambua maumbo.

Mafunzo hayo, kwa sehemu kubwa, hubebwa na nyimbo. Mtoto huimba pamoja na Akili, na katika kuimba hujiona kuwa mmoja wa wajuao. Mtoto asiyesikia huona rangi na wanyama wakicheza, lakini funzo lililomo ndani ya wimbo humpita. Runinga ya sebuleni inaweza basi kuwa mahali pa kwanza pa kugundua tatizo. Mtoto anayesogea sana karibu na runinga, anayeongeza sauti hadi wengine wakalalamika, asiyeimba wakati wenzake wanaimba, au anayewatazama wenzake kwanza ndipo acheke, anastahili kupimwa masikio.

Umri nao hutoa dalili. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Kufikia miezi 6 huanza kugeukia upande sauti inakotoka. Kufikia mwaka 1 huitikia jina lake na kuanza kutamka neno moja moja. Kufikia miaka 2 huunganisha maneno mawili. Anayechelewa asiambiwe kwamba "atasema tu akikua". Mwongozo unaotumika katika nchi nyingi ni kumpima mtoto kabla hajatimiza mwezi 1, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3, na kuanza huduma kabla ya miezi 6. Ambako upimaji wa watoto wachanga haujaenea, kliniki ya mama na mtoto inaweza angalau kuuliza swali hilo kila mtoto anapopimwa uzito.

Uziwi unaozuilika

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba kiasi cha asilimia 60 ya upungufu huo kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Miongoni mwa sababu hizo ni rubela wakati wa ujauzito, homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, manjano kali ya watoto wachanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na usaha sikioni usiotibiwa. Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014. Kila mtoto anayekamilisha chanjo hiyo analinda masikio yake na ya watoto watakaozaliwa.

Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili lisichukuliwe kuwa jambo la kawaida la utotoni. Mafuta ya kupikia, maji ya majani na unyoya wa kuku havina nafasi ndani ya sikio. Likaushwe taratibu kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Kituo kikishindwa, kimpe rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo.

Dawa nazo zina sehemu yake. Jentamaisini huokoa maisha ya watoto wachanga wenye maambukizi makali, na mzazi asiikatae. Mhudumu apime uzito wa mtoto, azingatie dozi na siku zake. Katika mteremko wa magharibi wa mlima, wilayani Siha, Hospitali ya Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Tiba ya miaka ile, kama duniani kote, ilitegemea sindano kama kanamaisini, ambazo ziliweza kuua seli za sikio la ndani: mgonjwa angeweza kupona mapafu na kupoteza usikivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamaisini, na dawa za kumeza, ikiwamo bedakwilini, zikachukua nafasi ya sindano hizo. Waliotibiwa kwa sindano na kubaki na uziwi au mlio wa kudumu masikioni bado wanahitaji kupimwa na kusikilizwa, hata kama kadi zao zimeandikwa kwamba wamepona.

Lugha haisubiri kifaa

Shimesikio husaidia wengi, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili hufanya upasuaji wa kuweka kipandikizi katika sikio la ndani kwa wanaofaa. Lakini kifaa si lugha. Betri huisha, kifinyango cha sikioni hulegea kadiri mtoto anavyokua, na wako ambao kifaa hakitawafaa kabisa. Ubongo wa mtoto, kwa upande wake, hausubiri. Unahitaji lugha kamili katika miaka ya kwanza, nayo inaweza kuingia kwa macho sawasawa na kwa masikio.

Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha yenye msamiati na sarufi yake. Si ishara za kubahatisha. Tanzania ilifungua shule yake ya kwanza ya viziwi huko Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kwa familia za Kilimanjaro, shule ya viziwi ya Mwanga, iliyoanzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iko kiasi cha kilomita 50 kutoka Moshi. Huko mtoto hukutana, pengine kwa mara ya kwanza, na wenzake wanaomwelewa bila kurudia mara tatu. Likizo inapofika hurudi nyumbani akiwa na lugha, na hapo huwa zamu ya nyumba kujifunza. Wengi wa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Baba, mama, bibi na ndugu wasipojifunza hata ishara mia moja za kawaida, mtoto huyo atakula chakula cha jioni katikati ya watu wake akiwa kama mgeni.

Jina analoitwa nalo lina uzito. "Bubu" si jina la mtoto, wala si utambuzi wa kitabibu. Wengi wa viziwi wana koo na nyuzi za sauti zilizo nzima. Hawakupata tu sauti ya kuiga. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimejichagulia neno "viziwi", na neno walilojichagulia wenyewe ndilo lenye heshima. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yao ya kupata huduma za afya na mawasiliano bila kubaguliwa.

Foleni ya kuitwa majina

Katika zahanati nyingi mgonjwa huitwa kwa jina kutoka mlangoni. Mama kiziwi mwenye mimba anaweza kufika saa moja asubuhi na kuonwa wa mwisho, kwa sababu jina lake liliitwa mara tatu akiwa amekaa pale pale. Marekebisho yake hayahitaji bajeti: alama kwenye kadi au faili, na mhudumu anayemfuata mgonjwa na kumgusa bega.

Ndani ya chumba, mhudumu amtazame mgonjwa usoni, akae penye mwanga, asizibe midomo bila sababu ya kitabibu, na asipige kelele, kwa kuwa kelele huharibu umbo la midomo. Karatasi na kalamu ziwe mezani, lakini asidhani kwamba kila kiziwi anasoma Kiswahili vizuri; kwa aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili. Mkalimani aliyefunzwa atafutwe kwa mambo mazito. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa habari za mimba, VVU au upasuaji wa mama yake. Na mwisho wa mazungumzo, badala ya kuuliza "umeelewa?", mhudumu amwombe mgonjwa aoneshe atakavyotumia dawa: vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi.

Mambo hayo yanawafaa pia wazee waliopungukiwa na usikivu kwa umri, ambao ni wengi zaidi na ambao mara nyingi huficha hali yao kwa kutikisa kichwa na kutabasamu. Nao pia husema samahani kupita kiasi.

Kuelekea mwisho wa filamu, Ishida anainua kichwa katikati ya umati wa sherehe ya shule, na alama za X zinadondoka usoni pa watu wote. Sauti zinamwingia kwa pamoja, naye analia. Nishimiya hajaanza kusikia; ni mwenye masikio mazima aliyefunguka. Kadhalika kliniki ya Moshi inaweza kuanza na upande wake wenyewe. Mama anapoketi na mwanawe mapajani na kusema, "Dada nesi, mwanangu huyu hasikii kabisa, nimechoka kumchapa," sentensi hiyo isipite. Mhudumu aulize: hasikii maneno, au hasikii sauti? Kisha ayachunguze masikio, aandike katika kadi, na ampe rufaa ya kupimwa, siku ile ile.